Eko Tu ku Nyumba



Mwulize mwanamume yeyote anayengoja gari pale Place de l'Indépendance, hapa Bukavu, mke wake anafanya kazi gani. Kama mke huyo hana meza sokoni Kadutu, hafundishi shule, wala hana ofisi, jibu linakuja upesi: “Bibi yangu hatumikake, eko tu ku nyumba.” Yaani hana kazi, yupo tu nyumbani. Hasemi kwa ubaya. Ndivyo wasemavyo wenzake, na ndivyo mke mwenyewe anavyojitambulisha akifika hospitalini kujiandikisha kwa ajili ya kujifungua. Mwuguzi anauliza jina, umri, mimba ya ngapi, kazi gani. Mama anajibu “ménagère”, yaani mama wa nyumbani, kalamu inapita, wanaendelea na mengine.

Basi leo tumfuate huyu asiye na kazi. Tumchukue mama mwenye watoto wanne: wa mwisho bado ananyonya, wa tatu ana miaka miwili na nusu, wakubwa wawili wanasoma shule ya msingi. Hatumtaji jina kwa sababu si mmoja. Yupo kwenye kila avenue ya Kadutu, Ibanda na Bagira, na majirani humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Ratiba yake imeshikwa na bomba. Mji wa Bukavu umekaa kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na kila asubuhi wakazi wake huona maji mengi ajabu yakimeta huko chini. Kuyafikisha juu ya vilima, yakiwa safi, ni habari nyingine. Mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, yaliwekwa kwa ajili ya mji mdogo, enzi ambazo mtaa ulikuwa na nyumba chache na bustani kati yake. Leo wakazi wanakadiriwa kupita milioni moja, na nyumba zimepanda vilima hadi mahali ambapo zamani palikuwa mashamba na migomba. Kwenye vitongoji vya juu, maji huja usiku wa manane, au huja siku moja na kupotea siku tatu. Yakija, mama anaamka. Yasipokuja, anashuka kuyatafuta kwenye chemchemi au kwa jirani mwenye bahati.

Tupige hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani husema mtu mmoja anahitaji angalau lita 20 za maji kwa siku ili anywe, apike na anawe. Baba, mama na watoto wanne ni watu sita. Hiyo ni bidoni sita za njano, zile za lita 20, na kila bidoni ikijaa ina uzito wa kilo 20. Mtoto anayenyonya hawezi kuachwa, kwa hiyo yuko mgongoni amefungwa kwa kitenge. Wa miaka miwili na nusu naye hawezi kuachwa, lakini hawezi pia kupanda njia ya udongo uliolowa mvua. Hapo ndipo mama anapoanza kupanga: ni jirani gani ameamka, nani anaweza kumtupia jicho mtoto kwa dakika kumi, na ni safari ngapi zinawezekana kabla wakubwa hawajaenda shule. Mkuu wa kampuni akipanga vitu vya namna hiyo, tunasema anajua kuongoza.

Baada ya maji, moto. Bukavu ni jirani wa umeme. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini, na bwawa la Ruzizi ya kwanza lilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ruzizi ya pili ilifuata mwaka 1989, ikiwa mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, kwenye nyumba nyingi umeme huja kwa zamu, na ukija mara nyingi hauna nguvu ya kuchemsha sufuria ya maharage. Anayepika kwa umeme wa SNEL peke yake huenda akalala njaa. Ndiyo maana mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, iko kwenye kila ua.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatuliunganishi. Takataka za mji huu, hasa chupa na mifuko ya plastiki, huteremka na mvua kwenye mifereji, zikaingia ziwani, kisha maji yakazisukuma polepole hadi kwenye mlango wa Ruzizi. Pale bwawani zinajikusanya mpaka zinafunika uso wa maji, zinaziba mitambo, na mafundi wanalazimika kuisimamisha ili waisafishe. Umeme unakatika. Umeme ukikatika, makala yanahitajika zaidi, na bei yake inapanda. Makala hayo yanatoka kwenye miti inayokatwa vijijini, mingine hata upande wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Mwisho wa mnyororo huo wote yuko mama, ameinama anapepea mbabula kwa kipande cha kartoni, na jicho moja liko kwa yule wa miaka miwili na nusu, anayependa sana kugusa chochote kinachong'aa.

Hilo jicho moja ni kazi. Nyumba nyingi za Kadutu na Panzi ni za mbao, zimebanana kiasi kwamba mtu husikia jirani akikohoa. Mbabula ikipinduka, au mshumaa ukisahauliwa usiku umeme unapokosekana, moto haumalizi nyumba moja. Bukavu imeona mara ngapi safu nzima ya nyumba ikiteketea kwa mchana mmoja, gari la zimamoto likishindwa kupenya kwenye vichochoro? Mama anayekaa nyumbani ndiye mlinzi wa kwanza wa moto katika mtaa wake, ingawa hakuna aliyemwajiri.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo akili ya mama wa Bukavu inapoonekana zaidi.

Wazee wanakumbuka ugonjwa ambao watu wa Bushi, eneo linalozunguka mji, huuita bwaki: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, anakosa furaha, anakataa kucheza. Vitabu vya madaktari vinauita kwashiorkor. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Lwiro, kaskazini mwa mji, walishughulika nao miaka mingi, na mwaka 1965 hapa Bukavu likazaliwa shirika lililobeba jina la ugonjwa wenyewe, Comité Anti-Bwaki. Ilikwishajulikana kwamba mtoto anaweza kushiba na bado akaugua, kwa sababu anapewa bugali wa muhogo bila kitu cha kujenga mwili.

Elimu hiyo haikubaki hospitalini. Imeingia jikoni. Leo mama aliyeacha shule mapema anajua kwamba busera, yaani uji, wa mahindi matupu hautoshi, kwa hiyo anachanganya mahindi, mtama na soya, unga ambao sokoni unaitwa masoso. Anajua kukaanga soya kwanza ili isimsumbue mtoto tumbo. Anajua pia kwamba fungu dogo la samaki wa sambaza, likikaushwa na kusagwa, linaweza kunyunyizwa kwenye chakula cha mtoto siku kadhaa. Sambaza hao wenyewe ni wageni waliozoea: walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kufikiria meza ya Bukavu bila wao. Siku ya pesa kidogo ni mboga za majani, sombe au lenga-lenga. Siku ya pesa kidogo zaidi ni maharage ya jana yaliyopashwa moto, na mama anakula wa mwisho, akisema hana njaa.

Pesa yenyewe inafika kwa vipande. Familia nyingi hazinunui mfuko wa unga; hununua kwa guigoz, ule mkebe wa maziwa uliogeuka kipimo cha soko zima. Mafuta ya kupikia hununuliwa kwa vifuko vidogo, makala kwa fungu, sabuni kwa kipande. Anayenunua kidogo kidogo hulipa ghali zaidi kwa jumla, na mama analijua hilo kuliko mchumi yeyote. Lakini huwezi kununua mfuko wa mwezi kwa pesa ya leo asubuhi.

Je, huyu “mama wa nyumbani” tulimtoa wapi? Nyanya zetu wa Bushi hawakuwa wakikaa nyumbani. Walilima, walibeba, waliuza maharage na ndizi. Mama anayengojea mshahara wa mume, akiwa na nyumba ya kusafisha na watoto wa kuvalisha, aliletwa na mji wa kikoloni. Katika miji ya Kongo, Wabelgiji walifungua nyumba za mafunzo walizoziita foyers sociaux, wakawafundisha wake za makarani na wafanyakazi kushona, kupiga pasi, kupika na kuogesha watoto kwa taratibu za Ulaya. Mpango huo ulikuwa na nguzo moja: mume alipwe mwisho wa mwezi.

Nguzo hiyo ilianguka. Kufikia mwaka 1993, fedha ya Zaïre, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba serikali ilitoa noti mpya, na noti moja ya zaïre mpya ikachukua nafasi ya zaïre za zamani milioni tatu. Mshahara wa mwalimu au karani ulikuwa hautoshi tena hata kununua unga wa wiki. Zikaja vita za 1996 na 1998. Wanaume wengi wakapoteza kazi, wanawake wakatoka kwenda kuuza, kubeba mizigo kwa kamba kwenye paji la uso, kuvuka Ruzizi kwenda Rwanda na kurudi. Waliobaki nyumbani kwa sababu ya watoto wadogo hawakubaki mikono mitupu. Ukipita leo kwenye avenue yoyote utawaona: huyu ana meza ya makala mlangoni, yule anakaanga mandazi tangu saa kumi na moja alfajiri, mwingine anasuka nywele za majirani huku mtoto amelala mapajani. Mume akiulizwa, bado atasema bibi yake hatumikake. Cheo cha ménagère kimebaki kwenye fomu, ilhali ule mshahara uliokizaa umekwisha zamani.

Wanawake hao wamejenga pia benki yao. Wengine wana likirimba, kila wiki mmoja anapokea pesa za wote. Wengine wako kwenye MUSO, yaani mutuelle de solidarité, ambayo imeenea sana Kivu Kusini. Mkutano wa MUSO una visanduku vya rangi. Cha kijani ni cha akiba na mikopo. Chekundu ni cha msaada: mtoto akilazwa, mtu akifiwa, mama akijifungua kwa upasuaji, pesa inatoka na hairudishwi. Cha bluu hupokea fedha kutoka nje ya kikundi. Mama ambaye hana akaunti wala kadi ya benki anahesabu, anaandika, anadai na anasamehe, yote hayo akiwa na mtoto anayevuta kitenge chake.

Kisha ukaja mwaka 2025. Katikati ya Februari, waasi wa M23 waliingia Bukavu, na benki zikafunga milango. Mshahara, kwa wale waliokuwa bado nao, ukawa namba kwenye simu isiyogeuka noti. Wanaume waliokuwa wakitoka kila asubuhi wakajikuta wamekaa uani. Nyumba iliyokuwa na mtu mzima mmoja mchana sasa ikawa na wawili, lakini bidoni za maji hazikubadilisha mikono kwa urahisi hivyo. Baadhi ya akina baba waliamka wakashika kazi: walipeleka watoto, waliteka maji, walijifunza kwamba busera unaungua ukiacha kuukoroga. Wengine waliendelea kungoja chakula kilekile saa ileile, kutoka kwa mtu yuleyule, ambaye sasa alikuwa na pesa pungufu na watu zaidi wa kulisha.

Kisheria, mlango wa mama kutoka kwenda kazini ulikuwa umefunguliwa kidogo kabla ya hapo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi. Kifungu hicho kiliondolewa na sheria ya Julai 2016. Kwa mama mwenye shahada yake kabatini hilo ni jambo kubwa. Lakini ruhusa ya mume haikuwa kizuizi pekee. Swali linalombakiza nyumbani kila asubuhi ni jingine: watoto nitamwachia nani?

Tulitazame swali hilo vizuri, kwa kuwa jibu lake liko nje ya uwezo wake. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na mwaka wa shule wa 2019 serikali ilianza kutekeleza. Akina mama wengi walishangilia, na wakubwa wawili wa mama yetu wamenufaika. Lakini shule ya msingi inampokea mtoto akifika miaka sita. Shule ya chekechea haimo katika bure hiyo, na nyingi ni za watu binafsi au za makanisa, zenye karo ambayo muuza mandazi hawezi kuilipa. Kwa hiyo kati ya siku ya kuzaliwa na miaka sita, mtoto ana taasisi moja tu ya kumtunza, nayo ni mama yake. Nyanya akiwepo anasaidia. Nyanya akiwa kijijini Walungu au Kabare, mzigo unamshukia mtoto wa kike mkubwa, ambaye unamkuta na umri wa miaka tisa akiwa na mdogo wake mgongoni, wakati wenzake wanafanya mazoezi ya hesabu.

Kisha kuna afya. Kila mwezi mama anampeleka mtoto kituo cha afya kwenye CPS, yaani kliniki ya watoto wadogo, kupimwa uzito na kuchanjwa. Ni safari ya mguu, foleni ndefu, benchi gumu, na kurudi. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba chanjo ya surua ni miezi tisa. Mwaka 2024, ugonjwa wa mpox uliotokea upande wa Kamituga ulipofika hadi Bukavu na kushika watoto wengi, hakuna askari aliyesimama mlangoni kukagua vipele. Mama aliyekuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni ndiye aliyeviona kwanza, na ndiye aliyeamua kama ni vipele vya joto tu au ni vya kukimbilia hospitali. Ugonjwa wa kuhara ukizuka, ni mikono yake inayochanganya maji, sukari na chumvi.

Wachumi wamechelewa, lakini wameanza kuhesabu. Mwaka 2013, wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba kupika, kuteka maji na kulea watoto nyumbani ni kazi, hata kama hailipwi. Miaka mitano baadaye shirika hilo likatoa hesabu kutoka nchi 64: kwa wastani mwanamke anatumia saa 4 na dakika 25 kila siku kwa kazi za nyumbani zisizolipwa, mwanamume saa 1 na dakika 23. Mama wa mtaa wa Cimpunda akisikia saa nne na dakika ishirini na tano huenda akacheka, kwani wastani huo una ndani yake wanawake wenye bomba jikoni na mashine ya kufulia. Kwake yeye, kufua peke yake katika msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, ni vita ya kila siku na mawingu: nguo za mtoto zinaanikwa, zinaanuliwa, zinaanikwa tena, na jioni bado zina unyevu.

Kwa hiyo, wasikilizaji, mjadala wa mama anayekaa nyumbani hapa Bukavu haufanani na ule wa magazeti ya Paris au Brussels, ambako watu hubishana kama mwanamke achague ofisi au watoto. Huku mama anafanya sehemu ya kazi ya REGIDESO, sehemu ya SNEL, sehemu ya zimamoto, ya kituo cha afya na ya shule ya chekechea. Huduma moja ikirekebishwa, siku yake inafupika mara moja. Bomba la mtaa linalotoa maji saa zinazojulikana lingemrudishia usingizi. Chumba salama cha watoto karibu na soko la Kadutu au la Nyawera, chenye mlezi anayelipwa, kingewaweka wengi mezani kwao wakiuza kwa utulivu, na kingemrudisha yule binti wa miaka tisa darasani. Mambo haya yana gharama, na wakuu wa mji wanayajua.

Yapo pia yasiyongoja bajeti ya mtu. Baba aliye nyumbani wiki hii anaweza kuanza na bidoni mbili za kwanza za alfajiri. Anaweza pia kumbeba mtoto hadi CPS. Siku za CPS zimebandikwa ukutani pale kituoni, na kwenye kadi ya chanjo hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima mtoto aletwe na mama.